Pua ya Marjut Tuomaala

Marjut Tuomaala alikuwa na pua. Kila mtu anayo, lakini yake ilikuwa pua ya kazi. Akiingia kwenye nyumba, kabla hata hajavua viatu mlangoni, ameshajua kama kuna maji chini ya sakafu, na mara nyingi anajua ni maji ya wapi: ya bafuni, ya paa au ya ardhini. Kile kipima unyevu alichobeba mkobani kilikuja nyuma kuthibitisha tu.

Kwa miaka ishirini na miwili aliifanyia kazi kampuni moja ya kukagua majumba hapa kwetu Forssa, mji mdogo wa Finland. Watu wakitaka kununua nyumba, au familia nzima ikianza kukohoa bila sababu, waliipigia kampuni simu, na kampuni ikamtuma Marjut. Alitambaa uvunguni mwa sakafu na tochi mdomoni, akapanda darini, akatoboa ukuta kitundu cha upana wa kidole, kisha akarudi ofisini kuandika ripoti. Juu ya ripoti ilikaa nembo ya kampuni, chini sahihi ya meneja. Jina lake halikuwamo, wala hakuwahi kuona kwamba limekosekana. Sisi watu wa mkoa huu wa Häme ndivyo tulivyo. Tunapenda kazi yetu isifiwe, ila isifiwe tukiwa tumeshaondoka.

Kisha kampuni ikauzwa. Wenye kuinunua walikaa Helsinki, na kutoka huko hawakuona sababu ya kuwa na ofisi Forssa. Jumatatu moja asubuhi wafanyakazi sita waliitwa chumba cha mikutano wakakuta kahawa na keki ya krimu. Ukipewa keki ya krimu Jumatatu asubuhi, jua kuna mtu amekufa, au wewe ndiye umeachishwa kazi. Marjut alikula kipande chake chote, akakusanya vitu vyake kwenye boksi la karatasi, akalifunga nyuma ya baiskeli na kurudi nyumbani saa nne.

Mumewe, Ilpo, dereva wa lori la maziwa, alikuwa ametoka zamu anakaanga samaki.

"Mbona mapema?" akauliza.

"Wamefunga ofisi."

Ilpo akageuza samaki wake.

"Viazi vipo," akasema.

Basi, hayo ndiyo yalikuwa maneno yao, na kwa anayewajua wawili hao, yalijaa huruma tele.

Alikuwa na miaka hamsini na mmoja. Aliandika barua za kuomba kazi zaidi ya thelathini. Nyingi hazikujibiwa. Mara moja aliitwa kuzungumza na mabwana wawili huko Tampere, akawaambia kwamba amekagua nyumba zisizopungua elfu tatu. Mmoja akaangalia kompyuta yake, akakuna shingo, akamwambia kwa upole, "Tumekutafuta mtandaoni, hatukuona kitu. Ni kana kwamba hujawahi kufanya kazi popote." Marjut alirudi na basi akitazama mashamba yaliyolimwa, na kwa mara ya kwanza akajiuliza zile ripoti elfu tatu zilikuwa za nani.

Ofisi ya kazi ikampeleka kwenye mafunzo ya wiki mbili. Yaliitwa "Jijengee Jina". Mwalimu alikuwa kijana wa miaka ishirini na minane aitwaye Eetu, mwenye viatu vyeupe ambavyo ungedhani havijawahi kukanyaga nje. Darasa lilikuwa na watu kumi na wawili, wengi wao wameshavuka hamsini, wamekaa viti vya nyuma vyote na kuacha vya mbele vitupu.

"Haya, Marjut," Eetu akasema siku ya kwanza, "tuambie wewe ni nani."

"Marjut."

"Enhe?"

"Tuomaala."

"Hapana, hapana. Nataka maneno matatu yanayokueleza."

Marjut akafikiri. "Napima unyevu."

"Hayo ni mawili."

"Majumbani."

"Lakini hiyo ni kazi yako! Mimi nakutaka wewe!"

"We kijana," fundi bomba mmoja akasema kutoka nyuma, "huyo ana mume."

Darasa likaangua kicheko, na hata Eetu akacheka mpaka akavua miwani. Lakini hakuwaachia. Kufika katikati ya wiki kila mtu alikuwa amepigwa picha na kuandikiwa maneno ya kuweka kwenye ukurasa wake. Marjut alipigwa amekunja mikono kifuani, maana Eetu alisema mikono iliyokunjwa inaonyesha kujiamini. Chini yake iliandikwa: *Mimi ni mtaalamu mwenye shauku kubwa, ninayebuni suluhisho la kesho kwa makazi ya leo.* Jumatano akaubonyeza, ukaenda hewani. Usiku ule hakulala vizuri.

Jumamosi alikwenda sokoni kununua mkate wa shayiri na vitunguu. Katika hema la kahawa alikuwamo Raija, dada yake Ilpo, amezungukwa na mashoga zake wanne. Raija ni mwanamke ambaye ukimpa neno moja Jumatano, kufika Jumamosi ameshalifanya ngoma.

"Jamani pisheni njia!" akapaza sauti. "Mwenye shauku anapita!"

"Hujambo, wifi," Marjut akasema.

"Mimi sijambo, wewe je? Hiyo shauku imekuanza lini? Umeshamwona daktari?"

"Wifi, acha."

"Niache vipi? Na ile picha! Umekunja mikono kama askari jela aliyeibiwa funguo. Kaka yangu analalaje na mtu wa namna ile?"

Mashoga wakacheka mpaka kahawa ikawapalia. Marjut naye alijaribu kucheka, ila uso ulimwaka hadi masikioni. Alisahau vitunguu. Alipofika nyumbani akafuta kila kitu, picha na maneno, na Jumatatu akaenda mafunzoni mapema kumtolea Eetu uvivu.

"Umenitia aibu mji mzima," akamwambia. "Huku kwetu mtu hajitangazi. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Hujawahi kusikia?"

Wengine wangebisha. Eetu alivuta kiti akakaa.

"Nimesikia," akasema. "Lakini hicho chema kitajiuzaje kama kimefungiwa kabatini? Haya, tuache mambo ya ukurasa. Hebu nisimulie nyumba moja uliyoikagua. Yoyote."

Marjut hakutaka. Lakini aliulizwa habari za nyumba, na habari za nyumba zilikuwa tamu kwake kuliko keki. Akaanza na sauna ya mzee mmoja wa Jokioinen, ambaye alilalamika kuwa kila akioga mvuke anasikia harufu ya supu. Marjut aliinua ubao mmoja wa sakafu, akaona uyoga umeota chini yake, mkubwa kama kofia, mweupe, mzuri, umenawiri kwa maji ya miaka tisa. Mzee akautazama akasema, "Unalika?" Kutoka hapo akaeleza kwa nini maji yalikuwa yakikimbilia ukutani badala ya kwenda kwenye tundu lake, na jinsi ambavyo mtu yeyote angeligundua hilo mapema kwa kumwaga ndoo moja ya maji na kuangalia yanakwenda wapi. Alipotahamaki, dakika ishirini zilikuwa zimepita na darasa zima lilikuwa limeingia, limesimama nyuma yake kimya, na fundi bomba anatikisa kichwa kwa kukubali.

"Iandike hiyo," Eetu akasema. "Kama ulivyoisema. Halafu chini weka jina lako, basi."

"Si kujisifu huko?"

"Umejisifu wapi? Umeusifu uyoga."

Marjut alimpigia simu mzee wa Jokioinen kumwomba ruhusa. Mzee akasema aandike tu, ila asitaje barabara. Aliiandika Alhamisi mezani jikoni, supu ya njegere ikitokota kando, na mwisho akaweka: *Marjut Tuomaala, Forssa.* Watu kumi na mmoja waliisoma. Saba walikuwa wa darasani, mmoja Ilpo.

Alhamisi iliyofuata akaandika nyingine, kuhusu familia iliyokuwa ikikausha nguo katika chumba kisicho na dirisha mpaka ukuta ukaota ndevu. Kisha nyingine, kuhusu dirisha ambalo halikuwa bovu hata kidogo, ila mwenyewe alikuwa amelipaka rangi likiwa limefungwa. Hakuandika kamwe kwamba yeye ni hodari. Alieleza alichokiona, kilichotokea, na mtu afanye nini kabla hajaita fundi. Mara nyingi jibu lake lilikuwa "fungua dirisha", na watu walimpenda kwa hilo, maana mtaalamu anayekwambia humhitaji ni adimu.

Katika mwezi wa tatu simu ikaita.

"Samahani," sauti ya kijana wa kike ikasema, "wewe ndiye mama wa uyoga?"

Alikuwa Iida, mjamzito wa miezi saba, na mwenzake Lauri. Walikuwa wanataka kununua nyumba ya mbao iliyopakwa rangi nyekundu kando ya mto. Marjut akaenda. Mlangoni akasimama, akavuta pumzi mara mbili, akatabasamu. Nyumba ile ilikuwa kavu kama mkate wa jana. Alitambaa uvunguni saa nzima kuhakikisha, akatoka na utando wa buibui nyweleni, akawaambia, "Nunueni. Ila huyo paka wa jirani analala chini ya jiko lenu, msije mkashtuka usiku."

Baada ya Iida na Lauri wakaja rafiki zao, na wazazi wa rafiki zao. Marjut akajiandikisha kuwa mfanyabiashara na kununua gari kuukuu la mizigo. Ilpo alitaka aandike jina ubavuni. Wakabishana juu ya ukubwa wa herufi jioni nzima, na Marjut akashinda: jina likaandikwa dogo hivi kwamba aliyetaka kulisoma alilazimika kuegemea gari. Wiki mbili baadaye bibi mmoja alikuwa ameegemea hivyo kwenye maegesho ya duka, Marjut akakaribia kumgonga akirudi nyuma. Herufi zikaongezwa siku hiyo hiyo.

Hata Raija akapiga simu. Alinong'ona kana kwamba anafanya magendo.

"Wifi, hebu pitia kwangu kesho. Kuna harufu chini kwenye stoo. Ila gari uliache mtaa wa pili."

"Kwa nini?"

"Watu watasema nyumba yangu imeoza!"

Marjut alishuka stoo, akanusa, akaenda moja kwa moja kwenye kona, akafunua gunia. Viazi vya mwaka juzi, vimekuwa uji. Alipanda ngazi.

"Ni mbaya?" Raija akauliza, mkono kifuani.

"Mbaya sana, wifi. Ila kwa shauku yangu kubwa, nimebuni suluhisho la kesho." Akamkabidhi ndoo na koleo.

Raija alimtazama, akajikaza, akashindwa. Walicheka mpaka wakakaa chini ngazini, na tangu siku hiyo, yeyote aliyemtania Marjut mbele ya Raija alikiona cha moto.

Mambo yakanoga. Dalali wa nyumba anayeitwa Kimmo, mtu wa tai na maneno laini, akawa anamtaja kwa kila mnunuzi: "Yule Tuomaala akisema kavu, ni kavu." Alhamisi zake zilisomwa na maelfu. Kufika vuli alikuwa anakagua nyumba mbili kwa siku, mara nyingine tatu. Wahenga walionya kwamba mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Marjut hakutia maji kwa makusudi. Alipata mafua tu.

Siku ile ya Oktoba pua ilikuwa imeziba kabisa. Angeahirisha, lakini alikuwa na miadi mitatu, na ya tatu ilikuwa ya Terttu Lehtimäki, mwalimu mstaafu wa ushonaji, aliyekuwa anauza nyumba yake kubwa na kununua kijumba kwenye safu ya nyumba zilizoungana karibu na kanisa. Ndani ya kijumba hicho Marjut alipima kuta za bafu, akapima za chumbani. Jikoni kulikuwa na kabati refu limejaa chupa za jamu za muuzaji. Ilibidi kulitoa ili kufikia ukuta wa nyuma. Alitazama saa. Akapima pembeni mwa kabati, namba ikawa nzuri, akaandika: kavu.

Mwezi Januari Terttu akampigia simu. "Mwanangu, hebu njoo kidogo. Si kwa haraka."

Marjut alifungua mlango, na safari hii pua ilikuwa wazi. Ilimpiga pale pale kizingitini, harufu tamu ya mbao zinazooza. Nyuma ya kabati bomba lilikuwa likidondosha tone, polepole, pengine kwa miaka. Ubao wa ukuta ulikuwa laini kama jibini.

Alisimama na kipima unyevu mkononi, hakujua aangalie wapi. "Nilikuwa na mafua," akasema. "Na nilikuwa na haraka. Sikulisogeza kabati. Kosa ni langu, Terttu, si la mtu mwingine."

"Najua," Terttu akasema. "Kaa, kahawa imeiva."

Gharama za kufumua ule ukuta Marjut alizibeba na bima yake, na Terttu hakulala hotelini hata siku moja, maana Ilpo alimletea jiko dogo la umeme na kuja kila asubuhi kuangalia mafundi. Lililobaki lilikuwa Alhamisi.

Kimmo alikwishasikia. Madalali husikia kila kitu. Akaja mwenyewe, amevua tai.

"Usiandike," akasema. "Nani anajua? Wewe, mimi na yule bibi. Jina lako ndilo duka lako, Marjut. Mtu hachomi duka lake mwenyewe."

Marjut akakaa na maneno hayo siku tatu. Hakula vizuri. Siku ya tatu akamwuliza Ilpo, wakiwa saunani, kwa sababu wanaume wa kwetu huzungumza vizuri zaidi wakiwa hawana nguo na kuna joto.

"Ningekuwa wewe sijui," Ilpo akasema. Akamwaga maji juu ya mawe, mvuke ukapanda. "Lingekuwa kosa la mkaguzi mwingine, ungeliandika?"

"Ningeliandika."

"Basi."

Akaenda kumwomba ruhusa Terttu. Yule mama akaweka chini sindano zake za kufumia.

"Andika, na jina langu liweke. Miaka thelathini na saba nimewaambia watoto kwamba mshono uliokosewa unafumuliwa mbele ya darasa, hakuna anayekufa."

Basi Alhamisi hiyo Marjut akaandika hivi: *Wiki hii aliyekosea ni mimi.* Akaeleza yote: mafua, saa, chupa za jamu, namba nzuri ya pembeni. Akaeleza jinsi mnunuzi anavyoweza kumwambia mkaguzi, "Tafadhali sogeza na hilo kabati", na kwamba mkaguzi akinuna, atafutwe mwingine. Mwisho akaongeza kwamba kuanzia sasa anakagua nyumba moja kwa siku, na akiwa na mafua haendi kazini. Alibonyeza, akafunga kompyuta, akatoka kwenda kuzoa theluji ambayo tayari ilikuwa imezolewa.

Wateja wawili walivunja miadi kesho yake. Kisha simu ikanyamaza siku nne, na Marjut akaanza kuangalia matangazo ya kazi ya usafi. Siku ya tano akapiga mtu wa Turku.

"Nataka mkaguzi," akasema, "namtaka yule aliyekosea."

"Ni mimi," Marjut akasema.

"Vizuri. Huku kwetu nimeshawaita watatu, wote hawajawahi kukosea, na nyumba bado inanuka."

Baada ya huyo wakaja wa Salo, wa Lahti, na mama mmoja wa mbali kabisa, Oulu, ambaye hakutaka kukaguliwa ila kushukuru, kwa kuwa alisogeza kabati. Chuo cha ufundi hapa mjini kikamwomba awafundishe wanafunzi siku ya Ijumaa. Eetu alimtumia ujumbe wa maneno matatu: *Darasa linasimama, Marjut.* Na Kimmo? Kimmo alikuja na maua, akiwa amefunga tai yake, akasema alijua tangu mwanzo. Marjut akayapokea maua.

Kazi ilipomzidi akamchukua Pasi, mwenzake wa zamani kwenye ile kampuni, mtu mpole anayependa kunyamaza hata kuliko Ilpo. Sharti lilikuwa moja, kwamba kila ripoti atakayoiandika Pasi aweke jina lake Pasi. Alikataa wiki nzima, akisema si mtu wa mambo makubwa. Siku alipoweka, aliitoa nakala moja akaenda nayo nyumbani kwa mama yake.

Mwezi wa nane mwaka jana akaja bwana kutoka Helsinki na gari jipya lisilo na sauti. Alikuwa na pendekezo zuri. Kampuni yake ingenunua kila kitu, yaani biashara, ukurasa na jina. Marjut angepumzika, na vijana wao wangeendelea kuandika zile Alhamisi kwa jina lake, maana, alisema, jina limeshajitegemea.

"Nitafikiria," Marjut akasema, akamwongezea kahawa.

Yule bwana akasubiri. Dakika zikapita. Saa ya ukutani ikagonga. Mtu wa Helsinki haelewi kwamba mtu wa Häme akisema atafikiria, anafikiria hapo hapo, ila bila kutikisika.

"Nimefikiria," Marjut akasema hatimaye. "Hapana."

"Lakini hata bei hujauliza!"

"Ningeuliza ningeshawishika."

Akamsindikiza mpaka mlangoni. Alipopita karibu na gari lile jipya, akasimama, akanusa kidogo, akamwambia yule bwana kwamba zulia la nyuma upande wa kulia lina maji chini yake, aangalie mpira wa mlango kabla ya mvua za vuli. Kisha akavaa mabuti, akachukua ndoo mbili, akamwita Ilpo wakaenda msituni, kwa kuwa siku ilikuwa na jua na matunda ya buluu yalikuwa yameiva.